Kundi la WhatsApp la ofisi na saa zinazopotea usiku

Ofisi nyingi za Tanzania hazikukaa kikao chochote kuamua kwamba kazi itaendelea hadi usiku. Mtu mmoja alifungua kundi la WhatsApp ili kupasha habari za vikao, akaongeza wenzake, kundi likapewa jina la idara na picha ya nembo, na sasa hakuna anayekumbuka maagizo yalitolewaje kabla yake. Barua ya ajira bado inasema kazi ni saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Kundi linasema vingine.

Watumishi wakilalamika kuchoka, uongozi humleta mtaalamu wa afya ya akili azungumze nusu siku, au huandaa bonanza na fulana. Sina ugomvi na bonanza, ila huwa linapangwa Jumamosi, siku ambayo watu walitaka kufua na kukaa na watoto wao. Ugomvi wangu ni kwamba uchovu huu una chanzo kinachohesabika, na takwimu zake zote zimo ndani ya simu ya bosi mwenyewe.

Sheria tuliyonayo inatosha kuanzia

Wenzetu wametunga sheria mahususi. Ufaransa, tangu Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana nao juu ya haki ya kutopatikana baada ya kazi. Australia ilianza Agosti 2024. Kwa jirani zetu wa Kenya, muswada wa namna hiyo uliwahi kupelekwa Seneti. Sheria yetu haitaji ujumbe wa simu wa usiku, lakini inataja saa, na saa ndizo zinazohusika hapa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida: 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6 kwa wiki. Ofisi inayofungua saa 2:00 na kufunga saa 11:00, na saa moja ya chakula katikati, inatumia saa 8 kwa siku, yaani 40 kwa siku tano. Ikifungua na Jumamosi hadi saa 7:00 mchana, 45 zimetimia. Hakuna dakika iliyobaki ya kumwagiza mtu usiku bila kuingia kwenye muda wa ziada, na muda wa ziada una masharti: uwe umekubaliwa, usizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, ulipwe mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Siku nzima, pamoja na hiyo ziada, isivuke saa 12.

Waajiri wengi wanayajua hayo. Wanachosahau ni mapumziko. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, mfanyakazi anastahili saa 12 mfululizo. Mchukue mhasibu aliyetoka ofisini saa 11:00 jioni. Saa 3:00 usiku anaombwa kundini atume mchanganuo wa malipo ya wazabuni kwa sababu mkurugenzi ana kikao asubuhi. Anafungua kompyuta mpakato mezani, sahani za chakula zikiwa bado hazijaondolewa, anamaliza saa 4:30. Saa 2:00 asubuhi anatakiwa awe amesaini daftari la mahudhurio. Hapo kapumzika saa 9 na nusu. Kwa hesabu ya sheria, mtu huyo angeingia kazini saa 4:30 asubuhi, na asiandikwe kachelewa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo naliona halijadiliwi. Sheria inampa mfanyakazi dakika 60 za mapumziko akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na mwajiri halazimiki kumlipa kwa dakika hizo isipokuwa akitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Mhudumu wa wateja anayekula wali huku macho yako kwenye skrini kwa sababu kasemwa asipojibu ndani ya dakika tano, yuko tayari kwa kazi, na saa yake ya chakula inalipwa.

Tahadhari moja: masharti haya ya saa hayawahusu wanaosimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa kiongozi wa juu. Mkuu wa idara hawezi kudai ovataimu kwa njia hii. Pengine ndiyo maana wakuu wa idara ndio wanaoandika usiku kuliko wote. Kwao saa hazina mita, wakadhani na za wengine ni hivyo.

Ziwekee bei

Bosi asiyesikia habari ya ustawi husikia habari ya fedha. Kupata mshahara wa saa, sheria inagawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Mshahara wa shilingi 780,000 ukigawa hivyo, kwa wiki ya saa 45, unapata kama shilingi 4,000 kwa saa. Saa ya ziada ni 6,000. Ikiwa ni siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu, ni mara mbili: 8,000.

Sasa tuseme mtumishi anatumia dakika 40 kila jioni kusoma, kujibu na kutafuta vielelezo anavyoulizwa, siku sita kwa wiki. Hizo ni saa 4 kwa wiki, 16 kwa wiki nne, shilingi 96,000. Watumishi 20 wa kiwango hicho: 1,920,000. Hakuna meneja wa fedha atakayeidhinisha kiasi hicho bila kuuliza kazi gani ilifanyika. Kwa kuwa hakiandikwi popote, kinaidhinishwa kila mwezi bila swali. Na sijagusa bando, ambalo mtumishi ananunua mwenyewe, kwenye simu aliyonunua mwenyewe.

Dakika 40 ni mfano tu. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walichapisha mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba kwa asilimia 17, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40. Aliyeanza na 45 za ofisini anafika 55 kwa saa 1 na dakika 40 za kundi kila siku, siku sita. Wahasibu wakati wa kufunga mwaka, maofisa mauzo mwisho wa mwezi na walimu wakati wa kujaza matokeo wanapita hapo bila kuona.

Kinachochosha hasa

Ukimuuliza mtu, atasema meseji ni nyingi. Zikihesabiwa, mara nyingi zinazomhusu yeye kwa usiku ni tatu au nne. Kinachommaliza ni kungojea. Hajui kama ataitwa, kwa hiyo simu inakwenda naye jikoni, bafuni, kanisani, msikitini, kitandani. Kazi ya dakika kumi inakula jioni nzima kwa sababu hakuna anayejua dakika hizo kumi zitaangukia wapi.

WhatsApp yenyewe inaongeza shinikizo. Unaweza kuzima tiki za bluu kwenye mazungumzo ya watu wawili, lakini kwenye kundi haizimiki: aliyetuma akibonyeza ujumbe wake anaona orodha ya waliosoma. Meneja anayeanza asubuhi kwa kusema "watu 14 mlisoma, mmejibu wawili" ameshawafundisha watu kutofungua simu au kujibu "Noted boss" bila kusoma. Vyote viwili vinaua kazi.

Maofisa wa mauzo na wakusanya madeni wana lao. Wanatakiwa kutuma picha wakiwa kwa mteja na kuwasha kionyesha mahali (live location) cha WhatsApp. Huduma hiyo ina chaguo tatu tu za muda: dakika 15, saa 1 na saa 8. Aliyewasha ya saa 8 saa 4:00 asubuhi anaonekana hadi saa 12:00 jioni, akiwa nyumbani, au saluni, au popote anapopenda kuwa bila kuelezea. Ni rahisi kurekebisha: tumia ya saa 1 kwa kila mteja, na mtu azime mwenyewe akimaliza ziara.

Halafu karipio la hadharani. Zamani uliitwa ofisini, mlango ukafungwa. Sasa kosa la stoo linaanikwa mbele ya watu 60, wakiwemo wafagizi na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na linabaki pale, mtu anaweza kulisoma tena usiku wa manane. Hata sifa zikitolewa kundini kila siku kwa watu walewale zina madhara, ila hayo tuyaache.

Na michango. Hapa ndipo kundi la kazi linapogeuka kitu ambacho mwongozo wa Ulaya haukusaidii. Mtu ana harusi, orodha inabandikwa: namba, jina, ahadi, taslimu. Mkurugenzi ameandika 200,000. Anayefuata anainakili orodha na kuongeza lake chini, na kijana wa mapokezi anayelipwa 300,000 anaitazama akijiuliza 10,000 itaonekanaje. Mwezi ukiwa na harusi mbili na msiba mmoja, mshahara wake umeshapangiwa kazi na kundi la ofisi. Sisemi watu wasichangiane, kuchangiana ndiko kunatuweka pamoja. Nasema orodha yenye majina na viwango iondoke kwenye kundi la kazi. Mweka hazina mmoja apokee kwa simu yake, atangaze jumla peke yake, na msiba uwe na kiwango kimoja kinachokatwa kwa makubaliano ya maandishi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazi katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, si kama ugonjwa, bali kama hali itokanayo na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuidharau kazi yenyewe, na kushuka kwa ufanisi. Ya pili ndiyo ya kuichunga kwenye kundi. Mtu aliyekuwa anauliza maswali sasa anaweka dole gumba kila kitu, hata kwenye swali lililohitaji jibu la ndiyo au hapana.

Pa kuanzia: toa nakala ya mazungumzo

Kabla ya kutunga kanuni yoyote, pata namba. Waambie watu kwanza kwamba unafanya hivyo na kwa nini. Fungua kundi, nenda kwenye menyu, chagua kutoa nakala ya mazungumzo bila picha. Unapata faili la maandishi ambalo kila ujumbe una tarehe, saa na jina. Likifunguliwa kwenye Excel na safu zikatenganishwa, chukua wiki nne za karibuni. Angalia muundo wa saa: simu nyingi huandika 21:47, yaani saa 3:47 usiku. Kama kundi limewekewa faragha ya juu ya mazungumzo, kutoa nakala kutakataa hadi mpangilio huo uzimwe.

Weka alama ujumbe wote wa baada ya saa 11:30 jioni, kabla ya saa 1:30 asubuhi, na wa Jumapili. Kisha ugawe mafungu manne: agizo, taarifa, dharura, na maongezi (pongezi, pole, dua, vichekesho). Andika pia nani aliyeanzisha. Kabla ya kumwonyesha yeyote, weka ngazi badala ya majina. Unachotaka waone ni ngazi, siyo mtu. Kwa kawaida utakuta mambo matatu. Dharura za kweli ni chache mno. Maongezi ndiyo mengi, na ndiyo yanayomfanya mtu asiweze kulinyamazisha kundi, maana agizo limefichwa katikati ya "Hongera sana" 35. Na maagizo mengi ya usiku yanatoka kwa watu wawili au watatu.

Hao wawili watatu ndio wa kuzungumza nao, faraghani, mkiwa na karatasi ya hesabu. Wengi hawana nia mbaya. Wazo limewajia wakiwa kwenye foleni ya Mwenge au Mbagala wakaogopa kulisahau. Dawa yake ni ndogo: WhatsApp inaruhusu kujiandikia mwenyewe, basi andika huko, asubuhi upeleke. Barua pepe ya Gmail inaweza kupangiwa saa ya kutumwa. Sentensi ya "mtajibu kesho, hamna haraka" haisaidii sana, kwa sababu aliye chini hajui kama unamaanisha.

Baada ya hapo gawa kundi. Moja la matangazo, ambapo wasimamizi wa kundi pekee ndio wanaoandika. Moja la kazi kwa kila timu, lisizidi watu wanaofanya kazi hiyo kweli. Moja la kijamii, la hiari, na mtu akitoka asiulizwe. Stoo haina sababu ya kusoma mjadala wa masoko.

Dharura iandikwe kwa majina ya matukio ya sehemu yenu: moto, wizi, ajali, mtambo wa malipo kusimama, mgonjwa au mteja aliyekwama. Matukio matano yanatosha. Likiandikwa "na mengineyo", kila kitu kitakuwa mengineyo. Dharura inapigiwa simu, haiandikwi kundini, na inapigiwa mtu mmoja aliye zamu wiki hiyo, ambaye anajua yuko zamu na analipwa posho yake. Kwa njia hii wengine 19 wanaweza kuiacha simu sebuleni. Hoteli, hospitali na vituo vya mafuta vinavyofanya kazi usiku kucha vinahitaji kundi kwa kila zamu: wa asubuhi asigutushwe na makabidhiano ya saa 6:00 usiku. Na wa zamu ya usiku wasisahaulike, kazi ya kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa.

Likizo ina kanuni yake. Sheria inatoa siku 28 mfululizo kwa mwaka, na mtu akikubali kufanya kazi katika siku hizo, mwajiri anatakiwa kumlipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya likizo hiyo. Njia safi ni kumtoa kwenye kundi la kazi siku anayoanza na kumrudisha siku anayoripoti. Mwambie mapema, kwa sababu kwetu kutolewa kwenye kundi bila neno humfanya mtu apige simu nne kuuliza kama kafukuzwa. Akirudishwa kwa kawaida haoni yaliyopita, basi aliyeshika nafasi yake amwandikie ukurasa mmoja: kilichokamilika, kinachosubiri, nani ameahidi nini.

Jambo la mwisho kwa upande wa ofisi: ED, yaani karatasi za daktari za kumpumzisha mgonjwa asiende kazini, zisitumwe kundini. Picha ya karatasi ya daktari yenye jina la ugonjwa mbele ya watu 60 ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Apelekewe afisa utumishi peke yake.

Inapoharibikia

Kanuni hufa kwa njia zinazojulikana. Mkubwa anaivunja wiki ya kwanza kwa neno "samahani kwa usumbufu, ila...", na kesho kila mtu anarudi kulekule. Usiku huo anatakiwa mtu wa kumjibu kwa adabu: "Mheshimiwa, tumepokea, litashughulikiwa saa 2:00." Bora awe mkuu wa utumishi kuliko mtu wa mapokezi. Mbaya zaidi, kundi linanyamaza na maagizo yanahamia kwenye ujumbe wa faragha. Hapo hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo, maana hakuna shahidi na hakuna hesabu. Kwa hiyo kanuni isiseme "kundini". Iseme njia yoyote.

Ya tatu ni kukata muda bila kukata kazi. Kama taarifa ya mauzo ilikuwa inaandaliwa usiku kwa sababu mchana kuna vikao vitatu, kuzuia usiku kutamfanya aamke saa 10:00 alfajiri. Futa kikao kimoja kwanza.

Mfanyakazi ambaye ofisi yake haina nia ya kubadilika hana nguvu nyingi, lakini ana kidogo. Aweke daftari: tarehe, saa aliyoombwa, aliyeomba, saa aliyomaliza. Ajibu kwa "Nimepokea, nitalifanyia kazi kesho saa 2:00 asubuhi" pale ambapo si dharura, na aone kinachotokea. Mara nyingi hakitokei kitu. Asifute ujumbe, kwa sababu tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kumbukumbu za namna hiyo zinaweza kupokelewa kama ushahidi. Tawi la chama cha wafanyakazi, kama lipo, ndilo la kuliingiza suala hili kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya chama na mwajiri, ambako lina nguvu kuliko waraka wa ndani. Na akifikia hatua ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai malipo ya ziada, asichelewe: migogoro isiyo ya kuachishwa kazi ina siku 60 tangu ilipotokea, ya kuachishwa ina 30.

Baada ya miezi mitatu toa nakala ya mazungumzo tena, uhesabu mafungu yaleyale manne. Ujumbe wa usiku ukipungua lakini ED hazijapungua na siku za likizo zilizochukuliwa hazijaongezeka, waulize watu kwa karatasi zisizo na majina swali moja tu: wiki iliyopita, nani alikuandikia faraghani baada ya saa za kazi, wa ngazi gani, mara ngapi.